Kapu la Harusi na Waonjaji wa Vizuizini

KATIKA SHAURI LA UONJAJI WA NYAMA KAVU YA NG'OMBE, ISIYOZIDI MZIGO WA PUNDA MMOJA, IKIWA SAFARINI. Ndivyo lilivyoandikwa, likapigwa mhuri mara mbili. Mimi nitalisema bila mhuri.

Nikisema njia, ninyi semeni iwe wazi.

Njia!

— Iwe wazi!

Njia!

— Iwe wazi!

Mwenye nyama mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii ni ya watu waliokula huku wakisema wako kazini.

Zamani, lakini si zamani sana, kwani vizuizi vya ukaguzi njiani vilikuwapo tayari, aliishi mfugaji mmoja, Bi Dahabo. Binti yake Shukri aliolewa mbali, mwendo wa siku nzima kwa punda. Na desturi ya kwao ilikuwa hii: siku ya saba ya ndoa, mama hupeleka kapu. Ndani mna nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani, ikakatwa vipande vidogo kama punje, ikakaangwa kwa samli na iliki. Kapu huvikwa kitambaa na shanga kama bibi harusi. Kisha mama hulizungushia kamba na kupiga mafundo anayoyajua yeye peke yake. Ndugu za bwana harusi sharti wayafungue kwa vidole, mbele ya watu, bila kisu. Kapu likifika limekatwa kamba, au likifika wazi, bibi harusi huambiwa hana kwao. Huambiwa hivyo mpaka azeeke.

Hilo ndilo lililokuwa mgongoni mwa punda Bi Dahabo aliposhika njia kwenda kwa Shukri. Msilisahau.

Kulikuwa pia na mifuko miwili. Mmoja ulijaa nyama ya paja iliyokaushwa kwa chumvi, ya wageni. Wa pili ulijaa mbavu zilizokaushwa kwa moshi, za mama wa bwana harusi, mama mwenye meno yake yote na anayejivunia.

Kizuizi cha kwanza. Mkaguzi aliuliza ni nyama gani, akaambiwa. Akasema haandiki mambo ya kusikia, kanuni inamtaka aonje. Akaonja. Akasema kipande kimoja hakitoshi kutoa uamuzi. Akaonja, akaonja, akaonja. Mfuko ulipokwisha akaandika cheti: "Nyama ya chumvi. Inafaa." Inafaa nini, jamani, na imekwisha?

Kizuizi cha pili. Mkaguzi alisikitika kwamba mwenzake hakumwachia cha kulinganishia, akahamia kwenye mbavu. Akaita wenzake wawili wathibitishe. Wakathibitisha, wakathibitisha, wakathibitisha mpaka kwenye mfupa. Cheti: "Nyama ya moshi. Inafaa."

Sasa nawauliza ninyi mliokaa hapa. Mwizi akikuandikia risiti, ameacha kuwa mwizi?

— Bado mwizi!

Asanteni. Nilidhani nimekasirika peke yangu.

Kizuizi cha tatu. Hapo alikaa Mkaguzi Mkuu, Bwana Guyo, mtu wa miwani, na kisu chake mezani. Alisoma vile vyeti viwili, akauliza mali yenyewe iko wapi.

"Iko ndani ya wakaguzi wako," alisema Bi Dahabo.

Bwana Guyo hakucheka. Alilitazama kapu, akanusa iliki, akachukua kisu. Punda alikuwa na foleni nyuma yake, na akina mama kwenye foleni, walioijua desturi, wakasogea karibu.

"Kata, mwanangu," alisema Bi Dahabo. "Ila kwanza nisomee kanuni yako. Mimi sikusoma."

Hakuna kitu mtu yule alichopenda kama kuombwa asome. Alisimama, akasoma kwa sauti kwamba mkaguzi ataonja chakula chochote kipitacho, bila kuharibu kifungashio chake.

"Na kamba, ni kifungashio?"

Aliitazama karatasi, akaitazama kamba, akaitazama foleni. Foleni yote ilikuwa imesikia.

"Ni kifungashio."

"Basi weka kisu chini, mwanangu. Tumia vidole."

Akafungua fundo la kwanza, akakuta la pili limekaza zaidi. Akavuta, akasokota, akang'ata. Jasho likaingia kwenye miwani. Mama mmoja akamuuliza kama yeye ndiye ndugu wa bwana harusi, mbona hakuwaalika. Jua likaanza kuinama.

Bi Dahabo akamwomba aandike tu kwamba limemshinda, amwache apite. Haiwezekani, alisema Bwana Guyo, fomu haina mahali pa mkaguzi aliyeshindwa. Ina "inafaa" na "haifai", na yote mawili huandikwa baada ya kuonja.

"Na kisichoonjeka, ni chakula?"

Bwana Guyo alifuta miwani, akashika kalamu. Akaandika: "Samani, moja, yenye shanga." Samani hazikaguliwi pale. Bi Dahabo akalifunga upya fundo la kwanza, kizuizi kikainuka.

Jua likiwa bado juu ya miti, kapu likafika na mafundo yake yote. Ndugu za bwana harusi walihangaika, wakataniwa, wakalifungua kwa vidole. Shukri alisimama mlangoni ameinua kichwa. Mama mkwe alipouliza mbavu zake, alipewa cheti.

Njia!

— Iwe wazi!

Hadithi yangu naipiga fundo hapa. Atakayeifungua asitumie kisu.

Ripoti ya shauri lile ilisema hakuna kasoro iliyoonekana. Kilichotokea ni hiki: watu wanne wenye vyeo walikula nyama ya harusi ya Bi Dahabo, na hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.