Plagi ya Nyuma

Sogeeni, wanangu, sogeeni huku mbele, hata wewe uliyekaa mlangoni kama unayesubiri mvua ikatike. Mama, mpe mtoto ziwa anyamaze. Na sisi tunyamaze kidogo. Leo nimewajia na gari bovu.

Zamani, kabla lami haijapanda huku kwetu mlimani, gari ulilisikia tangu bondeni, na kina mama walilitambua kwa mlio: hilo la mwenye duka, hilo la misheni. Enzi hizo, ah, kulikuwa na fundi mmoja. Mcheshi, mtu wa watu, mikono minene kama mihogo. Mkewe alikuwa msusi, vidole vyembamba.

Jirani yao akaleta pikapu abadilishiwe plagi, vile vidude vinavyowasha moto ndani ya injini. Zilikuwa nne. Tatu ziko mbele, unaziona. Ya nne imejificha nyuma kabisa, imebanwa na bati, mkono wa fundi hauingii.

"Baba, nipe spana. Wangu unaingia," mkewe akamwambia.

"Mwanamke kichwa ndani ya boneti? Nichekwe na mlima mzima? Kasuke nywele za watu, mama."

Akabadilisha tatu. Ya nyuma akaipitishia kitambaa pale panapofikika, akafunga boneti. "Tayari, jirani. Zote mpya."

Nani angeinama kuangalia? Wewe ungeinama?

Hazikupita siku nyingi, mke wa mtoto wa jirani akashikwa na uchungu. Wakamlaza nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Kufika pale mlima unaposimama, gari likatetemeka, likakohoa, likazima. Wakaliachia lirudi kinyumenyume mpaka kwa fundi, mama wa watu analia, "Jamani, mtoto anakuja!"

Fundi akaingiza mkono. Ukakwama. Akauvuta, ngozi ikabaki humo. Akajaribu tena. Ndipo akageuka, akasema taratibu, "Mama... njoo."

Mke akazungushia mkono khanga iliyolowa, maana injini ilikuwa ya moto, akapapasa bila kuona, kama anavyotafuta njia ya nywele kisogoni. Akailegeza, akaitoa. Plagi mpya akaichomeka kwenye ncha ya kipande cha mpira wa bomba, kiwe mpini wake, akaizungusha polepole mpaka ikajishika yenyewe, ndipo akaikaza kwa spana.

Jirani akaokota ile ya zamani, nyeusi tii. "Fundi, si uliniambia zote mpya?"

"Zile unazoziona, jirani," fundi akajibu, macho chini.

Gari likawaka. Mtoto wa kike akazaliwa salama hospitalini.

Sisi je, wanangu? Jumapili tunakuja na zile za mbele zinang'aa: gauni, sauti ya kuimba, salamu tamu. Ya nyuma, kule tulikomnunia ndugu wa tumbo moja, tunaipitishia kitambaa. Na mwenye mkono unaoingia tunaye nyumbani, tunamwambia kasuke. Mlima uko mbele yetu. Na nyuma ya gari letu kuna mtu analia.

Fundi alipofariki, spana alirithi mwanawe wa kwanza. Kile kipande cha mpira, mjane alimpa binti aliyezaliwa siku ile, naye akawa fundi. Ila ile plagi nyeusi, ambayo fundi mwenyewe aliitundika msumarini mlangoni pa gereji, kila mtoto wake alimwambia mwenzake, "Chukua wewe."

Bado iko pale.