Askari Waliouzunguka Uvimbe

Akina mama, mwenye simu aizime. Kulikuwa na mwanamke mmoja katika kikundi cha kanisa kama hiki chetu, wanawake kumi na wawili wenye sare. Pasaka moja wakanunua vitenge, wakampelekea fundi, naye ni mwenzao wa kikundi. Fundi akampima huyu mama kifuani, akagusa kitu kigumu karibu na kwapa.

"Dada, hapa pana nini?"

"Ni kijipu tu, hakiumi. Kina kama miezi miwili."

Fundi akawaita wenzake. Wakagusa mmoja mmoja, kama watu wanaochagua maparachichi sokoni. Mnajua walisema nini? Mmoja akasema, "Ukienda hospitali watakukata titi, na mumeo atatafuta kwingine." Mwingine akasema, "Usilitaje jina lake, utauita huo ugonjwa." Mwenyekiti akaamua jambo lisitoke nje ya kikundi, liwekwe kwenye maombi. Na fundi, kwa upendo kabisa, akaachia mshono wa kwapani ili gauni lisimbane.

Mmesikia hilo? Uvimbe unakua, wao wanauongezea nafasi. Kufika Krismasi, mshono ulikuwa umeachiwa mara tatu.

Mama akaanguka jikoni, akalazwa. Kikundi kikaenda kumtazama, kimevaa sare, kimebeba chupa ya uji, kikakizunguka kitanda. Akaingia daktari mmoja anayefanya utafiti wa saratani, ana majibu mkononi. Akaomba wageni watoke.

"Waache, dokta," mgonjwa akasema. "Hawa ni ndugu zangu. Hakuna wasichokijua."

"Haya, mama. Tulichukua kinyama kidogo kwenye uvimbe wako, tukakitazama kwa hadubini. Mwili una askari wake, zile chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kuua kinachotaka kukudhuru. Askari wako tumewakuta. Ni wengi, wameuzunguka uvimbe pande zote."

"Wako hai?"

"Hai kabisa."

"Sasa wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu, mama. Uvimbe umewatuliza. Unawapa ishara kwamba uvimbe wenyewe ni wa humu humu mwilini, nao wanauacha."

Mama akawatazama wenzake, akianzia waliosimama kichwani mwa kitanda mpaka wa miguuni.

"Basi usihangaike na hadubini, dokta. Askari wangu ndio hao, wamesimama na chupa ya uji."

Wewe ungejibu nini?

Daktari akasema ipo dawa ya kuwaamsha hao askari wa mwilini, na atampa. Ila uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini na mapafu. "Ungekuja ukiwa bado mdogo," akasema, "ningekuwa na maneno mengine." Mama aliishi wiki tisa.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe, na bado umenishtua, kwa sababu sikuhangaika kuutafuta. Sisi kuzunguka tunajua sana. Mtu akiugua tunajaa chumbani mpaka mgonjwa anakosa hewa. Uji tunapika, nyimbo tunazo. Lakini siku anatuonyesha titi lake, akiwa bado anatembea kwa miguu yake, tunamwambia nini? Nyamaza. Subiri. Usimwaibishe mumeo. Tena tunasema kwa sauti ya upole, halafu tunaiita huruma. Mungu atatuuliza habari ya hiyo huruma, na sijui nani humu ana jibu. Mimi sina.

Kwa hiyo leo hatuanzi na sala. Yuko mtu humu ameonyeshwa kitu na mwenzake: uvimbe, damu isiyo ya siku zake, kidonda kisichofunga. Naye akamshauri angoje. Simtaji kwa sababu simjui, lakini yeye anajijua. Inuka sasa hivi, mfuate mwenzako alipokaa, mwambie ulimdanganya. Kesho saa mbili asubuhi uwe naye zahanati, umeshika daftari lake la matibabu.

Sisi wengine tutakaa kimya mpaka uinuke.