Aibu Iliyoingia Ndani ya Mninga

Kiegemezeni ukutani hicho kitanda, mkae. Bi Somoe ameniuliza swali moja tu: kati ya mninga na mpingo, upi unafaa zaidi kwa kitanda? Nitamjibu, ila itabidi nianzie mbali.

Zamani miti yote ilikuwa myeupe ndani. Ukipasua mninga, mpingo au msufi, hukujua upi ni upi mpaka uulize. Nayo ilijibu, maana siku zile miti ilikuwa na sauti, hata ikishakuwa mbao.

Babu wa babu yangu, Mandova, ndiye aliyekuwa fundi seremala wa bonde letu. Alikuwa ametoka kuoa, na mama mkwe wake alikuwa anakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Mandova akaangusha mninga amtengenezee kitanda. Mbao zikamwambia, "Fundi, bado tuna maji. Tuweke kivulini miezi mitatu." Lakini mkwe alikuwa njiani, na Mandova alipenda sifa. Akaranda, akatoboa, akaunga.

Kitanda kilipendeza kweli. Ila mbao zilizidi kukauka na kunywea, viungo vikalegea. Siku ya kuagana, nyumba imejaa wageni, mama mkwe aliketi kitandani, akaenda chini miguu juu. Watu waligeuza nyuso ukutani. Nimesimulia habari hii miaka mingi, na kila nikifika hapa nainamisha macho.

Mandova akapaza sauti, "Mti huu ni mwongo! Uliniambia umekauka!"

Mninga ungeweza kumjibu. Lakini kujibu kulikuwa ni kumvua nguo fundi mbele ya mkwe wake. Ukanyamaza, ukaimeza aibu isiyo yake, ikauingia mpaka ukawa mwekundu ndani. Mpingo ulikuwa nguzo ya mlango na ulisikia yote. Ulimwonea fundi haya mpaka wenyewe ukawa mweusi moyoni. Msufi ulicheka. Basi umebaki mweupe, na hatuupi kazi yoyote ya maana, ila sufi yake tunajazia mito.

Mama mkwe aliinuka, akatia kidole kwenye tundu la kiungo. Kilitoka na unyevu.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "ubao huu bado unatoa jasho."

Mandova aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumtazama tena usoni.

Na tangu siku hiyo miti haisemi, na mninga ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kwa hiyo, Bi Somoe, miti yote miwili ni mizuri. Mpingo ni mzito, unamaliza makali ya randa, uwaachie wachonga vinyago. Kitanda ni mninga.

Juzi nilimwambia mumeo kwamba kitanda chenu kimevunjika kwa sababu mbao zilikuwa mbovu. Mbao zilikuwa nzima, mama. Nilizipasua Jumatatu, nikaziunga Ijumaa.