Buibui Aliyeachiwa Kona

Mama mmoja alikuwa anasafisha nyumba, kwa kuwa ibada ya jumuiya siku hiyo ilikuwa kwake. Zamu ikifika mnajijua wenyewe. Mapazia yanafuliwa, vikombe vya wageni vinashushwa kabatini, hata kuku hatakiwi kuonekana.

Alifunga ufagio kwenye ufito mrefu, akapanda juu ya kiti kutoa utando darini. Binti yake alimshikia kiti. Huyu binti alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, mtoto mgongoni, na majirani walikuwa hawajaambiwa.

Kwenye kona walimkuta buibui mdogo mwenye miguu kama nyuzi, wa ukoo ambao wengi wetu hatuujui hata jina. Wenzake walishakimbia. Yeye alitulia.

"Huyu hana akili?" mama akauliza.

"Mwangalie mdomoni, mama. Amebeba mayai. Hali kitu mpaka yaanguliwe, maana akifungua mdomo yatamdondoka."

Mama akamtazama. "Maskini. Kuzaa kazi." Akashusha ufagio. "Mwache hapo. Atakayeuona huo utando na auone."

Akashuka kitini. "Sasa wewe, wenzangu wakifika, kaa jikoni na mtoto. Ufunge mlango. Akilia, mnyonyeshe."

"Kwani wataona nini?"

"Wataona umerudi."

Binti akakaza kanga ya mtoto. Hakulia. "Buibui umemwachia sebule, mama. Wakikuuliza utasema ana mayai. Mimi utasema nina nini?"

Nje ikasikika hodi.

Najua mnamlaumu huyu mama. Mmeshaanza kutikisa vichwa. Lakini niwaulize, alikuwa anamficha binti yake nani asimwone? Mungu? Mungu hangoji kufunguliwa mlango wa jikoni. Hodi ile tulipiga sisi. Ni sisi tuliosimama pale nje na vitabu vyetu vya nyimbo, na yule mama alijua tukitoka kwake tutapitia kwa nani kwenda kusimulia.

Jumamosi tunakwenda kwa mwenzetu mwingine. Mimi pia nitakuja nimechoka kama ninyi. Basi tusikague dari. Na tukisikia mtoto analia jikoni, mmoja wetu ainuke, aende ampokee, ili mama yake apate kula.