Kulungu Aliyewafundisha Kobe Kuinama

Paukwa!

Pakawa!

Tegeni masikio, hadithi inapita!

Na ipite, tumekaa tayari!

Hapo zamani za kale, katika mji wa Nara, huko Japani, palikuwa na bwawa kando ya hekalu. Ndani yake waliishi kobe thelathini, na mkubwa wao alikuwa ajuza mmoja, Bi Tamae. Kila asubuhi mtawa wa hekalu aliwawekea mikate ya mchele ukingoni, wakala, wakashiba.

Siku moja akaja mgeni kutoka mlimani, Kulungu Gonroku. Akaiona mikate. Mate yakamdondoka.

"Hodi, wenyeji! Mnakula bila kuinama? Mbele ya hekalu? Aibu! Inameni, fumbeni macho, mhesabu mpaka mia."

Kobe wakaona haya, wakainama. Na kobe akiinama, kichwa chote huzama gambani. Basi yakabaki magamba matupu yanahesabu: "Moja, mbili, tatu..."

Walipotoa vichwa, mikate haipo! Gonroku anajilamba midomo.

"Hekalu limepokea," akasema.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile, na watoto wa kobe wakaanza kulia njaa.

Siku ya nne Bi Tamae akasema, "Mwalimu, sisi shingo zetu fupi. Hebu tuoneshe wewe. Jukwaa lako hili hapa."

Jukwaa lilikuwa kobe wenyewe, wamebanana gamba kwa gamba majini. Gonroku, kwa kupenda sifa, akapanda, akafumba macho, akahesabu. Kobe nao wakaogelea polepole, pole, pole.

"...tisini na tisa, mia!" Akafumbua. Maji kila upande!

"Jamani, nirudisheni!"

"Mikate yetu iko wapi?" akauliza Bi Tamae.

"Hekalu lili..."

Kobe wakazama kidogo. Maji magotini.

"Ni upepo uli..."

Wakazama tena. Maji tumboni.

"Nimekula mimi! Yote! Hata makombo!"

"Ahsante kwa kusema kweli," akasema Bi Tamae. Kobe wote wakazama. Chubwi!

Gonroku akatoka mbio, magugu yananing'inia kwenye pembe zake, matope mpaka puani. Mtawa akamuuliza, "Bwana, umekuja kuoga?" Akazidi kukimbia. Hakuonekana tena bwawani.

Wanangu, anayewafumba wenzake macho ili ale chao, siku yake ya kufumba itafika.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mle, iliyo chungu mniachie mimi!