Uzi Mmoja wa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kaondoka nani?
Kaondoka mtoto, kabaki mama na uzi mkononi.

Zamani, wanyama wa bondeni mtoto akizaliwa walimtungia ushanga, wakauning'iniza kwa uzi wake chini ya ushanga wa mama yake. Ukiufuata uzi, unafika kwa bibi. Na mti wa bibi ndio mti wako wa kula. Penye ugomvi, baraza la wazee lilifuata uzi, halikufuata maneno.

Kiboko, mkubwa wa bonde, alikuwa na tumbo lisilojua kushiba. "Nyuzi gani hizi, mafundo matupu! Tungeni shanga zote uzi mmoja, ulionyooka!"

Wakatunga. Ulipendeza kweli, ila haukusema nani kamzaa nani.

Kiboko akapenyeza ushanga wake, chwi! kando ya wa Digidigi. "Aliye kando yangu ni ndugu yangu. Mti wake, mti wangu." Akala, nyafu nyafu. Akauhamisha, chwi! kando ya wa Nungunungu. "Aliye kando yangu ni ndugu yangu. Mti wake, mti wangu." Nyafu nyafu. Baraza likatazama uzi, likamwachia.

Sasa, Bi Kuchakuro, mama kindi, alikuwa amemzika binti yake wa pekee, Mwanakheri, chini ya mkwaju wao. Kila asubuhi alikwenda kuzungumza naye. Siku moja akamkuta Kiboko amelalia kaburi, anatafuna.

"Toka!" akanguruma Kiboko. "Mwanakheri yuko kando yangu uzini. Mti wake, mti wangu."

Bi Kuchakuro hakulia. Akauliza kwa adabu, "Bwana, Mwanakheri ni nduguyo?"

"Ndugu kabisa!"

"Basi pole, umefiwa." Akapiga ukemi: "Uuuwi! Kiboko kafiwa! Matanga kwa Kiboko!"

Na matanga, mnajua wenyewe, mfiwa ndiye hulisha. Bonde zima likahamia kwa Kiboko, likalala, likala. Hayajaanuliwa, Digidigi akasema, "Bwana, na marehemu babu yangu? Nduguyo yule." Uuuwi! Matanga upya. Nungunungu naye: "Na marehemu shangazi?" Uuuwi! Ghala la Kiboko likabaki vumbi.

Kiboko akaung'ata uzi, ukakatika ka! "Sina ndugu mimi! Kila mtu na maiti wake!" Shanga zikamwagika, puru puru puru.

Kila mama akaokota zake, akazifunga kama zamani. Bi Kuchakuro akarudishiwa mkwaju wake. Akaufunga ushanga wa Mwanakheri chini ya wake, na chini ya ule hapakuwa na wa kufunga. Hapo akalia, akalia sana.

Vumbini zikasalia shanga chache, za marehemu ambao wenye kuwajua nao walikwisha kufa.

"Hizi za nani?" wakaulizana.

Bi Kuchakuro akaziokota, akazifunga moja moja chini ya ushanga wa Mwanakheri.

"Wanawe," akasema.

Wote walijua si kweli. Hakuna aliyebisha.

Uzi wangu umeishia hapo. Mwenye wake aunge. Na funzo ni hili, wanangu: msimwite ndugu asiye ndugu, matanga yatawamaliza.