Kitovu cha Limi

Kale, wajukuu! Nikisema kale, nyinyi itikieni "ilikuwapo!" Haya, kale! Ah, nyie wa nyuma mmeitikia kama mlionyimwa chakula. Tena: kale! Naam. Kale ya kale, jembe likiwa bado la mti, ilikuwapo nchi ya Igulwa, machweo ya mto Lwenge. Ng'ambo, upande wa mawio, ilikuwapo nchi ya Nkindo. Watu wa huku na wa kule hawakula chungu kimoja.

Igulwa walikuwa na neno lao lisilovunjwa: asiyezikwa kitovu Igulwa hakalii kigoda cha Igulwa. Mtoto akizaliwa, kitovu na kondo la nyuma vilizikwa papo hapo, ndani ya kigae cha mtungi, pamoja na shanga za kiuno cha mama yake. Hapo ndipo kwao, hata akikulia wapi.

Basi mtemi akafa. Na kigoda kile hakikurithiwa na mtoto wa mtemi, la hasha! Kilirithiwa na mtoto wa dada yake. Dada alikuwa mmoja, Wande, na Wande alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Limi. Lakini marehemu aliacha pia mtoto wa kiume, Lugembe, kijana mwenye mdomo wa asali na moyo wa shubiri. Lugembe alijua kwamba Limi akikataliwa, hakuna mwingine ila yeye.

Siku ya kumsimika Limi, ngoma zimewambwa, pombe imeiva, Lugembe akasimama.

"Wazee wangu, shangazi yangu aniwie radhi. Limi si wa kwetu. Kila mtu anajua alizaliwa safarini, penye jiwe la kivuko cha zamani. Nimetuma watu. Jiwe lile liko ng'ambo. Kitovu chake kimezikwa Nkindo!"

Ngoma zikanyamaza. Wande aliijua adhabu: anayeleta mgeni kwenye kigoda hufukuzwa nchini, yeye na mwanawe, bila hata punje ya mtama mkononi. Ndiyo, wajukuu, bila punje.

Mkuu wa wazee, Kapalata, akamgeukia. "Mama Limi, ulijifungulia wapi?"

"Kwenye jiwe hilo hilo, mzee wangu. Nalo lilikuwa upande wetu. Mto sikuvuka. Sikulowa hata ukucha."

"Ni mavuno ishirini na mawili sasa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka kama nilivyo hapa! Niliegemea jiwe, uso nimeuelekeza mawio, maji yakinguruma mbele yangu. Uchungu uliponiachia, wifi yangu Holo alikimbia kuchota maji, na kabla haujanishika tena alikuwa amerudi. Mtoto alipotoa kichwa, ushanga wangu ukakatika. Tuliokota tano nyeupe na moja nyekundu, tukazizika na kondo. Limi alitoka mkono umeshika shavu. Holo akasema, 'Huyu kaja na shauri lake.'"

"Na uchungu ulichukua muda gani?"

"Siku mbili, mzee."

Bibi Holo akajikongoja mbele. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Wifi yangu, nisamehe, siwezi kusema uongo mbele ya baraza. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa. Lakini uchungu ulikushika jogoo akiwika, na jua la utosi lilitukuta na mtoto mikononi."

Mnacheka? Na baraza lilicheka vivyo hivyo. Lugembe alicheka kuliko wote.

"Mmesikia? Mwanamke akijifungua, kumbukumbu hutoka pamoja na kondo! Nusu siku kaifanya mbili. Aliyepotewa na siku ataukumbuka mto?"

Wande akaona aibu, kisha aibu ikageuka hasira. "Mwana wa kaka yangu, muda wa uchungu waulize waliokuwa hawaumwi. Mimi niulize yaliyotendeka."

"Haya, maneno ya mawifi wawili," akasema Lugembe. "Jiwe halina wifi. Twendeni tukalione."

Wakaenda. Wakaenda, wakaenda, wakalala njiani, wakaamka, wakaenda. Kivuko kile kilikuwa kimehamwa tangu mwaka wa gharika kuu, kwa sababu ya mamba, wala hakuna aliyekuwa na shughuli huko. Walipofika, walikutana na nini kwanza? Mto! Na jiwe je? Jiwe lilikuwa kule, ng'ambo, limekaa kimya. Moyo wa Wande ukaanguka pu!

Limi akamshika mkono. "Mama, turudi. Kigoda nikikikosa, nina wewe."

"Nyamaza! Nilikuzaa mimi, hukujizaa."

Wakavuka kwa mtumbwi. Wande akaonyesha mahali, chini ya jiwe, upande wa kulia. Wakachimba kidogo, hakuna kitu. Wakachimba tena, jembe likagonga ko! Kigae. Ndani yake udongo mweusi, na ndani ya udongo shanga. Kapalata akazihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano nyeupe. Na moja nyekundu!

Wanawake wakapiga vigelegele. Lugembe akawaacha mpaka wakachoka.

"Vigelegele vya nini, mama zangu? Shangazi kanisaidia kazi! Kitovu ni cha Limi kweli, nacho kiko ng'ambo, Nkindo!"

Oneni jambo hilo, wajukuu. Wande alikumbuka sawasawa, na kule kukumbuka kwake kukawa kitanzi chake.

Wande hakulia. Alikwenda akaketi, akaegemea jiwe, akaelekeza uso mawio kama siku ile. Akasikiliza. Maji yalikuwa yananguruma, lakini mgongoni.

"Sivyo," akasema. "Maji yalikuwa mbele."

"Umesahau, shangazi."

"Sikusahau! Wifi, simama. Siku ile ulikimbilia wapi kuchota maji?"

Holo akanyoosha mkono bila kusita. Aliunyoosha kuelekea mawio.

Wande akashika njia hiyo. Matete makavu yakamkwaruza, akayafyeka kwa mikono. Akaenda kadiri ya nafasi iliyoko kati ya uchungu na uchungu, si hatua moja zaidi, na ardhi ikamponyoka chini ya miguu, akateleza mpaka chini.

"Mama!" akapiga yowe Limi.

"Niko hapa! Njooni! Njooni nyote!"

Wakaja, wakamkuta amesimama ndani ya korongo refu. Mchanga mweupe, magamba ya konokono wa majini, na katikati mstari wa mawe ya kukanyagia, yamelainishwa na nyayo za watu, kutoka ukingo hadi ukingo. Na tone la maji hakuna.

Kapalata akachukua gamba moja, akaligeuzageuza. "Nani hupanga mawe ya kuvukia mahali pakavu?" Kisha akajipiga kifua. "Gharika! Jamani, ile gharika!"

Wande akapanda juu ya jiwe la katikati, mchanga umemjaa nyweleni, akapaza sauti mpaka ndege wakaruka.

"Mimi sikuvuka mto! Mto ndio uliovuka!"

Lo! Siku hiyo vigelegele vilisikika mpaka kwa watu wa Nkindo. Limi akabebwa juu juu. Na Wande je? Kapalata aliamuru Lugembe ambebe shangazi yake mgongoni hadi mtumbwini, na akambeba, jasho likimtoka, huku shangazi akimwelekeza: "Taratibu, mwanangu, kuna shimo hapo."

Limi akakalia kigoda, akatawala miaka mingi, na shibe ikawepo. Tangu hapo, penye ubishi wa kuzaliwa, Igulwa waliweka kando fimbo na viapo, wakamwita mama kwanza.

Uchungu wa mwana aujuae mzazi. Mama anaweza kukosea alikaa muda gani katika maumivu, lakini siku ile yenyewe anayo, nzima. Kwa hiyo mkifika nyumbani, waulizeni mama zenu mlizaliwaje, kisha mfunge midomo, msikilize.

Kisa nimekitua chini. Anayekipenda ajitwike aende nacho.